Kisarafu chenye taji la miale: feki, au chenji ya Waingereza wa kale?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, sasa naishi Leicester, Uingereza. Nilianza kupenda sarafu kwa sababu ya hela mbili za 1916 alizoniachia babu. Majuzi kwenye maonyesho ya sarafu nimenunua kisarafu cha Kirumi kwa pauni nane. Upana wake milimita 12, uzito gramu 1.1. Upande mmoja kuna kichwa chenye taji la miale kama meno ya chanuo, upande wa pili kuna mtu kachorwa kwa vijiti, na maandishi hayaeleweki. Kwenye bahasha muuzaji kaandika "barbarous radiate". Mume wangu anasema nimeuziwa feki. Je, ni feki? Na kama si feki, inafaa kukusanya vitu vya namna hii, na mtu anaanzaje? Nimeambatisha picha.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mumeo hajakosea sana. Sarafu hiyo haikutoka kwenye kiwanda cha serikali ya Rumi. Lakini aliyeitengeneza alikufa zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, na aliitengeneza ili watu wanunulie mkate na bia, si ili akutapeli wewe Leicester. Kwa hiyo ni nakala, ni ya kale kweli, na pauni nane si bei mbaya kwa sarafu ambayo bado inasomeka.

Unasema haisomeki. Hebu tuisome.

Weka upande wa kichwa ili pua itazame kulia, kisha angaza taa kutoka ubavuni, si kutoka juu. Kwenye picha yako ya pili, ile yenye kivuli, naona nukta nne zimepangana chini ya shavu. Hizo ndizo ndevu. Mbele ya uso kuna T iliyo wazi, halafu vijiti vitatu vimesimama, halafu kitu kama C iliyolala. Sarafu rasmi ya zama hizo iliyo karibu zaidi na hiyo imeandikwa IMP C TETRICVS P F AVG. Fundi wako alikuwa na sarafu ya Tetricus mkononi akainakili: T akaipata, E, T, R na I zikageuka vijiti vitatu tu, C akaipata tena, kisha nafasi ikamwishia. Huenda hakujua kusoma kabisa. Alinakili sura ya maandishi kama mtu anavyonakili nakshi ya mkeka.

Sasa geuza. Mtu wako wa vijiti kanyoosha mkono mmoja mbele na kashika kitu. Mkono mwingine umeshuka nyuma, na kutoka hapo kuna mstari wa mshazari unaokwenda hadi kwenye mguu. Mstari huo ni gauni. Ni Spes, mungu wa kike wa matumaini, ambaye Warumi walimchora akitembea, ua katika mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto ameinua pindo la vazi asijikwae. Kwenye sarafu rasmi Spes aliwekwa zaidi upande wa nyuma wa sarafu za Tetricus mdogo, yaani mwana, ambaye huchorwa bila ndevu. Wewe una kichwa cha baba na mgongo uliozoeleka zaidi kwa mwana. Kwa nakala hilo si ajabu hata kidogo. Fundi alichonga mihuri ya kupigia sarafu kutoka sarafu yoyote aliyoiona, kisha akaioanisha alivyopenda.

Tetricus ni nani? Mwaka 260 jenerali Postumus aliiasi Rumi akajitwalia Galia (eneo la Ufaransa ya leo na jirani zake), Uingereza na sehemu ya Hispania. Dola hiyo ya kando ilidumu hadi 274, na Tetricus ndiye mtawala wake wa mwisho. Alishindwa na Kaizari Aurelian karibu na Châlons, Ufaransa ya leo. Katika miaka hiyo sarafu ya kawaida ilikuwa ile yenye taji la miale. Ilianza mwaka 215 chini ya Caracalla ikiwa na fedha ya kutosha, lakini kufikia mwaka 270 ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kidogo juu, na ndani mlikuwa na fedha asilimia chache tu. Sarafu za Tetricus zilimwagwa kwa wingi mno. Kisha Aurelian akaja na sarafu mpya, nzito na bora zaidi, lakini sarafu hizo mpya zilifika Uingereza na kaskazini mwa Galia kwa kiasi kidogo sana.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanadhani serikali ya Rumi ilipiga sarafu za shaba ili muuza mboga awe na chenji. Sivyo. Ilipiga sarafu ili ilipe askari na watumishi wake, na kodi iliitaka irudi kwa dhahabu na fedha kadiri ilivyowezekana. Soko la Ratae, ndiyo Leicester yako, halikuwa shida ya mtu yeyote kule Trier au Lyon kwenye viwanda vya sarafu. Wateja walikuwepo, bidhaa zilikuwepo, sarafu ndogo hazikuwepo. Dukani kwetu chenji ikikosekana unarudishiwa pipi. Wale wenzetu waliwasha moto wakapiga chenji yao.

Wewe wa Tabora hili hulihitaji kuelezwa kwa kirefu, maana hela za babu yako zina hadithi ya jirani. Mwaka 1916 koloni la Wajerumani lilikuwa limezibiwa bahari na Waingereza, sarafu kutoka Berlin haziji, ikabidi zipigwe kwenye karakana ya reli karibu na Tabora. Ndiyo maana zimekaa kifundi-fundi, tofauti na hela za kabla ya vita. Tofauti kubwa ni kwamba za Tabora ziliamriwa na serikali. Kisarafu chako hakuna aliyekiamuru.

Mafundi hao walikuwa wenyeji wa majimbo ya Rumi: wahunzi wa mjini, wafua shaba wa vijijini, pengine na watu wa kambini waliojua kazi ya chuma. Lile neno "barbarous" kwenye bahasha, linalowafanya waonekane washenzi kutoka ng'ambo ya mpaka, ni mazoea ya wauzaji na ya vitabu vya zamani. Wewe litumie unapotafuta mtandaoni, maana bila hilo hutapata kitu, ila lisikupotoshe. Sarafu hizi zinakutwa katika miji, ngome, majumba ya mashamba na mahekalu, zimechanganyika na sarafu rasmi katika chungu kimoja. Watu walizipokea. Wengi walijua wanachopokea, kwa sababu kisarafu cha gramu moja hakifanani na kile cha gramu mbili na nusu hata gizani.

Namna ya kuzitengeneza inajulikana vizuri, kwa kuwa katika sehemu kadhaa za Uingereza mabaki ya kazi yenyewe yamefukuliwa. Fundi alifua ujiti wa shaba, akaukata vipande kama mtu akatavyo muhogo, kila kipande akakibonda kikawa bapa, kisha akakiweka kati ya mihuri miwili ya chuma akapiga nyundo. Ndiyo sababu nyingi zina umbo la duara lililochoka, ukingo umepasuka, au picha imeangukia nje kwa sababu muhuri ulikuwa mpana kuliko kipande. Chako kina vyote vitatu. Ule ukingo ulionyooka upande wa namba 4 ya uso wa saa usiuchukulie kuwa umevunjika. Ni alama ya pale kilipokatwa kutoka kwenye ujiti.

Sasa swali lako la pili, kama inafaa kukusanya. Inafaa sana, kwa sharti moja: usikusanye kwa uzuri. Mtu anayetafuta nyuso nzuri za makaizari aende kwingine. Huku unakusanya mahusiano: nakala hii na sarafu mama yake, muhuri huu na muhuri ule, kisarafu hiki na mahali kilipotoka ardhini. Kisarafu kibaya chenye jina la shamba kilipookotwa nakithamini kuliko kumi vizuri visivyojulikana vilikotoka.

Mawimbi ya kuiga yalikuwa kadhaa, na kabla ya kununua kingine ni vizuri ujue unaogelea katika lipi. La kwanza ni hilo lako. Lilianza Tetricus akiwa bado madarakani na likashika kasi baada ya kuanguka kwake mwaka 274, hadi karibu na wakati Carausius alipojitangaza kaizari Uingereza mwaka 286 na kuanza kupiga sarafu zake mwenyewe. Wanaoigwa zaidi ni Tetricus wote wawili, Victorinus aliyewatangulia, na Kaizari Claudius wa Pili wa Rumi ambaye alikufa mwaka 270 akafanywa mungu. Za Claudius huyo zina madhabahu au tai upande wa nyuma, na madhabahu kwa kuwa ni mraba tu wenye mistari, ndiyo picha iliyopondwa kuliko zote. Nimeona madhabahu zimegeuka dirisha, zimegeuka kitanda. Watu huuliza kwa nini waige sarafu za mtu aliyekwisha shindwa. Waliiga walichokuwa nacho mkononi na ambacho soko lilishakizoea.

Wimbi dogo lilikuja miaka ya 318 hadi 320, wakati wa Konstantino, na hilo nalipita. Wimbi kubwa la pili ni la miaka ya 340. Karakana ya sarafu ya London ilifungwa mwaka 325, na tangu hapo Uingereza ilitegemea sarafu zilizovuka bahari kutoka Trier, Lyon na Arles. Kuanzia 330 ziliingia kwa wingi aina tatu: askari wawili wamesimama na bendera ya jeshi kati yao, maandishi GLORIA EXERCITVS; kichwa cha Roma, yaani mji uliochorwa kama mwanamke mwenye kofia ya chuma, na nyuma yake mbwa mwitu jike akinyonyesha mapacha; na kichwa cha Konstantinopoli, mji uliochorwa vivyo hivyo, nyuma yake Ushindi, mungu wa kike mwenye mabawa, amesimama juu ya gubeti la meli. Baada ya mwaka 341 mtiririko ulikatika kwa miaka kadhaa, na nakala zikajaa.

La tatu ndilo gumu na ndilo tamu. Mwaka 348 serikali ilileta sarafu mpya kubwa yenye maandishi FEL TEMP REPARATIO. Aina yake maarufu zaidi inaonyesha askari wa Kirumi akimchoma mkuki adui anayeporomoka kutoka juu ya farasi. Mwaka 350 Magnentius akaasi huko Galia, akapiga sarafu zake, akashindwa kabisa mwaka 353. Kaizari Konstantio wa Pili alipokamata kila kitu, sarafu nyingi za awali zilipoteza uhalali, na sheria ya miaka hiyo ya 350 ikakataza kuzisafirisha na kuzifanyia biashara. Uingereza ikabaki mikono mitupu tena. Kuanzia karibu 354 hadi 364, hadi makaizari Valentinian na Valens walipoleta sarafu mpya kwa wingi, watu walipiga farasi anayeanguka kwa kila ukubwa, kuanzia milimita 17 hadi visarafu vya milimita 6 ambavyo ukipiga chafya umevipoteza. Wengine hawakuhangaika hata kukata shaba mpya. Walichukua sarafu ya zamani ya askari wawili wakaigonga upya juu yake. Ukiinamisha vizuri chini ya taa unaona mguu wa askari wa zamani ukichungulia chini ya farasi, au herufi za zamani zikipita kinyumenyume kwenye ukingo. Ukikutana na mojawapo iliyo wazi namna hiyo, usibishane bei sana.

Kuhusu tarehe, angalizo moja. Zamani, hadi katikati ya karne ya 20, wataalamu wakubwa waliamini kwamba vile vidogo kabisa vilipigwa karne ya 5, baada ya jeshi la Rumi kuondoka Uingereza, kama pesa za zama za giza. Ushahidi wa hazina na tabaka za uchimbaji umevirudisha karne ya 3 na ya 4. Bado utakutana na maelezo ya zamani kwenye bahasha za wauzaji, na muuzaji atakuongezea bei kwa ajili ya karne ya 5. Usilipe.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni tofauti kidogo na wa wenzangu wengi. Wao husema nunua nakala nyingi za bei nafuu, macho yatazoea. Mimi nasema nunua kwanza mama. Tafuta sarafu rasmi ya Tetricus, moja tu, iliyo safi kiasi. Tafuta mbwa mwitu na mapacha mmoja aliyepigwa Trier, ambaye chini yake pameandikwa TRP au TRS. Tafuta farasi anayeanguka mmoja rasmi. Sarafu hizi rasmi ni nyingi na nafuu. Kisha kila nakala unayopata uiweke kando ya mama yake chini ya lenzi. Macho hujifunza kwa kulinganisha. Mtu aliyenunua nakala hamsini bila kuona ya asili hajui hata nini kimeharibika.

Na anza na mbwa mwitu, si na zile za miale. Sababu ni hii. Kwenye sarafu rasmi mwili wa mbwa mwitu huelekea kushoto, na kichwa cha Roma pia hutazama kushoto. Fundi wa kiwanda cha serikali alijua kuchonga muhuri kinyume ili sarafu itoke sawa. Fundi wa kijijini aliangalia sarafu akachonga kile alichokiona vilevile, na sarafu yake ikatoka kama kwenye kioo: mwili wa mbwa mwitu umeelekea kulia, askari kashika mkuki mkono wa kushoto, maandishi yanasomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Ukimwona mbwa mwitu ambaye mwili wake umeelekea kulia umepata nakala, hata kama imechongwa vizuri kiasi gani. Halafu kuna michanganyiko: kichwa cha Roma upande mmoja, na upande wa pili gubeti la Konstantinopoli. Kwenye zile za miale makosa kama hayo ni magumu kuyaona kwa sababu sarafu rasmi zenyewe zilipigwa ovyo.

Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wanunuzi wengi. Viwanda vya Tetricus vilikuwa vikipiga mbio mbio. Utakuta sarafu rasmi imepigwa pembeni, imechakaa, nusu ya maandishi haipo, na muuzaji anaiita nakala kwa sababu imekaa vibaya. Ubaya si ushahidi. Tazama ufundi wa mchongaji, si bahati ya sarafu. Jicho la mfalme limechongwa na kope na mboni, au ni nukta ndani ya duara? Taji limeshikana na kichwa, au miale imechomekwa kama vijiti? Shingo ina mwisho, au inaishia kwenye mistari tu? Herufi zina miguu midogo kwenye ncha zake, au A ni vijiti viwili visivyokutana? Kisha upime. Sarafu rasmi ya Tetricus huwa kwenye gramu mbili na nusu hadi tatu na upana wa milimita 17 hadi 20. Uzito peke yake hautoshi, kwa kuwa nakala za mwanzo ni nzito na baadhi ya rasmi ni nyepesi, lakini gramu 1.1 pamoja na jicho la nukta inamaliza ubishi.

Kipimo kingine ni mwelekeo wa pande mbili. Shika sarafu kwa vidole viwili, kichwa kikiwa wima, izungushe ubavu kwa ubavu kama mlango, uone sehemu ya juu ya upande wa nyuma imeelekea saa ngapi. Rasmi kwa kawaida huelekea saa kumi na mbili au saa sita za uso wa saa, yaani juu kabisa au chini kabisa. Nakala huelekea popote. Wewe hukuniandikia; pima uandike.

Sina budi kusisitiza kuandika. Kila sarafu iwe na kadi yake: uzito hadi sehemu ya mia ya gramu (mizani ndogo ya sonara inatosha), upana mkubwa na mdogo, mwelekeo, ulikoinunua, bei, na kila neno muuzaji alilosema kuhusu ilikotoka, hata kama ni "kutoka mkusanyo wa mzee mmoja wa Norfolk". Piga picha pande zote mbili, mwanga ukitoka upande uleule kila mara. Katalogi kuu ya sarafu za makaizari, ile wakusanyaji wanayoiita RIC, inahesabu za serikali. Nakala hizi hazimo isipokuwa kwa kutajwa tu. Kwa hiyo mkusanyo wako wenyewe ndio katalogi.

Na hapo mkusanyaji wa nyumbani anaweza kufanya jambo la maana. Sarafu mbili zilizotoka kwenye muhuri mmoja zinaunganisha sehemu mbili: fundi mmoja, au muhuri uliosafiri, au mfuko wa mfanyabiashara. Unazitambua kwa mahusiano ambayo nyundo haiwezi kuyabadilisha: ncha ya mwale wa tatu iko juu ya herufi gani, pua imelingana na kijiti gani, mpasuko wa muhuri umepita wapi. Usitazame uchakavu, usitazame umbo la ukingo. Nchini Uingereza kuna mpango wa serikali wa kurekodi vitu vya kale vinavyookotwa na wananchi, Portable Antiquities Scheme, ulioanza 1997, na hifadhidata yake iko wazi mtandaoni bure, ina maelfu ya nakala hizi kwa picha na wilaya zilikookotwa. Jioni za baridi za huko zinatosha kupekua. Chungu kikubwa nacho ni darasa: hazina ya Cunetio, Wiltshire, iliyopatikana 1978, ina sarafu 54,951, ile ya Frome, Somerset, ya 2010, ina 52,503, na hizi za Frome zote zilikuwa katika mtungi mmoja. Wingi huo ndio uliowawezesha wataalamu kuona mkono wa kiwanda rasmi unaishia wapi na mkono wa fundi wa mtaani unaanzia wapi.

Bei nisiipigie porojo. Nyingi ni pauni chache, zilizo wazi hufika kumi na kitu, na zilizogongwa juu ya sarafu nyingine au zenye sura ya kuchekesha hupanda zaidi. Kwa sababu ni nafuu, watengeneza feki wa leo hawajishughulishi nazo sana, na hili mwambie mumeo. Hatari yako ni nyingine: sarafu rasmi iliyoliwa na kutu ikauzwa kama nakala "adimu", rangi ya kijani iliyopakwa juu, na mchongaji wa leo aliyekwangua mistari ili ionekane zaidi. Mstari wa kale una kutu ileile ya sehemu nyingine. Mstari wa jana unang'aa ndani.

Kuna pia mifuko ya sarafu chafu inayouzwa kwa kilo, mara nyingi kutoka nchi za Balkani. Nakusihi usinunue. Nyingi zimechimbwa usiku katika maeneo ya kale bila kibali, na kila ambacho kingeweza kutuambia kitu kimebaki kwenye shimo. Ukitaka kuokota mwenyewe kwa kifaa cha kutambua vyuma, Uingereza inaruhusu ukipata idhini ya mwenye shamba, mradi si eneo la kale linalolindwa kisheria. Kwa sheria ya hazina ya 1996, sarafu za shaba za kale kumi au zaidi kutoka sehemu moja ni hazina, na lazima ziripotiwe ndani ya siku 14. Moja moja hulazimiki, lakini mpelekee afisa wa mpango ule niliokutajia aipige picha. Ni bure, na unarudishiwa.

Usafishaji: kama inasomeka, usiiguse. Kama ina udongo, iloweke katika maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa betri za magari, ubadilishe kila siku chache, kisha ukwangue taratibu kwa kijiti cha meno au mwiba chini ya lenzi. Siki, ndimu, soda za chupa, dawa ya meno, umeme wa betri, vyote weka mbali. Kwenye sarafu ndogo kama hizi picha yote iko kwenye lile ganda la kijani au la kahawia. Ukiliondoa, chini yake kuna shaba yenye mashimo na hakuna Tetricus tena.

Kuna ugonjwa mmoja wa kuuogopa: vumbi la kijani kibichi, laini kama unga, linalotokea usiku mmoja. Hiyo ni kloraidi iliyomo ndani ya shaba ikikutana na unyevu, na itakula sarafu hadi iwe unga. Itenge hapo hapo na uipeleke kwa mtu anayejua kuitibu. Zilizobaki ziweke kwenye karatasi au plastiki isiyo ya PVC, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Siku moja utataka kwenda baharini kwa kitu kilekile. Sarafu ndogo za shaba za Rumi za karne ya 4 na ya 5 zilifika India ya kusini na Sri Lanka kwa njia ya pepo za msimu, na Sri Lanka nako watu walipiga nakala zao, kwa sababu ileile ya chenji. Vandali waliotawala Carthage nao walikuwa na visarafu vyao. Hizo zote ni ngumu zaidi, na nakala nyingi za Sri Lanka zimechakaa mno. Subiri hadi mkono ukae sawa.

Ukija likizo Tabora ukataka kuwaonyesha ndugu zako, acha ziwe kwenye picha. Kitu cha kale kilichotoka ardhini Uingereza huenda kikahitaji kibali kabla ya kutoka nchini, hata kama kina thamani ya pauni nane, kwa hiyo uliza kwanza. Na ukipitia Dar au Tanga kwa wiki tatu, unyevu wa pwani utafanya kazi ambayo ardhi ya Uingereza imeshindwa kuifanya kwa miaka 1,700. Nitumie huo mwelekeo wa saa ukishaupima, pamoja na picha ya ukingo ulionyooka kwa karibu zaidi. Nataka kuona kama alama ya patasi bado ipo.